Neno, Fungu na Mshale: Sarufi ya Fomula na Milinganyo ya Kikemia kwa Wanafunzi Wanaoanza, kwa Mifano ya Karagwe na Kyerwa

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu Kiswahili na ufundishaji wa sayansi nchini Tanzania umekuwa, kwa sehemu kubwa, mjadala wa istilahi. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika kufundishia katika shule za sekondari kuanzia mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa, na hadi leo somo la Kemia katika shule za sekondari za serikali hufundishwa kwa Kiingereza. Hata hivyo, kazi ya istilahi haikusimama. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, kazi ambayo iliwanyima wapinzani wa Kiswahili ile hoja yao ya zamani kwamba maneno hayapo.

Tatizo ni kwamba istilahi nyingi ni nomino, na Kemia haiandikwi kwa nomino peke yake. Mwanafunzi anayeanza huweza kuyafahamu maneno elementi, atomi na kampaundi kwa ukamilifu, kisha akashindwa kabisa kuandika mlinganyo wa mistari miwili. Anachokikosa si msamiati. Anachokikosa ni sarufi ya mfumo mwingine wa maandishi, wenye herufi zake, mofolojia yake na sintaksia yake, ambao mara nyingi hufundishwa kana kwamba ni tawi la hesabu. Makala haya yanadai kwamba makosa makuu ya wanaoanza yanaelezeka kiisimu, na kwamba Kiswahili kina nyenzo za kuyazuia, mradi mwalimu ajue mahali ambapo sarufi ya Kiswahili inakubaliana na sarufi ya fomula na mahali ambapo zinapishana.

Mifano imechukuliwa Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera (wilaya ambazo zilikuwa moja hadi mwaka 2012), kwa sababu mbili. Kwanza, mtoto wa Igurwa, au wa kata nyingine yoyote ya huko, kwa kawaida huanza na Kinyambo nyumbani, hupokea Kiswahili katika shule ya msingi, kisha hukutana na Kiingereza katika Kidato cha Kwanza. Maandishi ya kikemia kwake ni mfumo wa nne. Pili, eneo hilo lina kemia yake: bati la Kyerwa, chuma cha watawala wa Karagwe, na rubisi ya ndizi.

2.0 Herufi

Alama za elementi zilizo katika matumizi leo zilianzishwa na Jöns Jacob Berzelius wa Sweden katika miaka ya 1813 na 1814. Alichukua herufi za mwanzo za majina ya Kilatini, na hapo alimfanyia msemaji wa Kiswahili wema asioukusudia. Neno chuma halimsaidii mtu kukumbuka Fe, lakini neno la Kiingereza halimsaidii pia. Wote wawili wanapaswa kukumbuka ferrum. Vivyo hivyo bati ni Sn kutokana na stannum, na risasi ni Pb kutokana na plumbum. Katika alama hizi Kiingereza hakimpi mwanafunzi wake nafuu ya kutajwa.

Ugumu unaanza pale ambapo neno limetoholewa. Alfabeti ya Kiswahili sanifu haina herufi C inayosimama peke yake. Ipo tu ndani ya ch. Kaboni, kalsiamu na klorini zimeandikwa kwa K, kwa hiyo ni jambo la kutarajiwa kwamba anayeanza ataandika K anapokusudia kaboni. K ni alama ya potasiamu. Potasiamu nayo inaanza kwa P, ambayo ni alama ya fosforasi. Huu ni mnyororo wa makosa unaosababishwa na tahajia tu, na dawa yake ni kuufundisha waziwazi siku ya kwanza badala ya kuusubiri katika madaftari.

Jambo la pili ni herufi kubwa. Katika tahajia ya Kiswahili herufi kubwa huonyesha mwanzo wa sentensi au jina la pekee. Haitofautishi neno na neno. Katika fomula inatofautisha. Co ni kobalti, metali moja. CO ni kampaundi ya kaboni na oksijeni, nayo ni gesi yenye sumu. Kwa mwanaisimu hii ni tofauti ya kifonimu kabisa: badiliko dogo la umbo lililobadili maana. Mwalimu anayesahihisha ukubwa wa herufi kama suala la usafi wa mwandiko anakosa nafasi ya kulieleza hilo.

3.0 Namba mbili zenye kazi mbili

Kiini cha matatizo ya wanaoanza kiko katika namba. Katika 2H₂O kuna tarakimu mbili zinazofanana kwa sura lakini hazifanani kwa kazi. Ile ya chini ni sehemu ya neno: inasema kwamba kila molekuli ya maji ina atomi mbili za hidrojeni. Ile ya mbele, yaani kizigeu, iko nje ya neno: inasema molekuli zenyewe ni ngapi. Ya kwanza ni suala la mofolojia, ya pili ni suala la sintaksia. Ukibadili ya pili unapata maji mengi zaidi au machache zaidi. Ukibadili ya kwanza hupati maji tena: H₂O₂ ni peroksidi ya hidrojeni, kitu kinachotumiwa kuua vijidudu na kupausha nywele.

Kosa linalojulikana kwa kila mwalimu wa Kemia ni la mwanafunzi anayesawazisha mlinganyo kwa kubadili tarakimu za chini. Chukua kisa cha chuma. Katika tanuru la mkaa, oksidi ya chuma huondolewa oksijeni na gesi ya CO:

Fe₂O₃ + CO → Fe + CO₂

Upande wa kushoto una atomi mbili za chuma, kulia moja. Oksijeni ni nne kushoto, mbili kulia. Anayeanza huandika Fe₂ na CO₄ upande wa kulia, akafurahi kwamba hesabu imekubali. Hesabu imekubali kweli, ila ametunga neno CO₄ ambalo halitoki katika tanuru lolote. Mlinganyo sahihi ni Fe₂O₃ + 3CO → 2Fe + 3CO₂, na maneno yote manne yamebaki kama yalivyokuwa.

Kwa nini kosa hili ni jepesi kutendwa? Sababu moja haihusu lugha yoyote: tarakimu ni tarakimu. Lakini ipo sababu nyingine inayowahusu wasemaji wa lugha za Kibantu. Katika Kiswahili kiidadi hufuata nomino: watu wawili, miti mitatu. Ndivyo ilivyo pia katika Kinyambo: abantu babiri. Fomula, kwa upande wake, huweka idadi ya vitu vizima mbele na hesabu ya ndani nyuma. Mwanafunzi anayefikiri "oksijeni mbili" kwa mpangilio wa lugha yake huweka 2 baada ya O, yaani mahali hasa pa tarakimu ya chini. Msemaji wa Kiingereza, ambaye huanza na namba, huongozwa na lugha yake kuelekea kwenye kizigeu. Hii haina maana kwamba Kiingereza kinafaa zaidi kwa Kemia. Ina maana kwamba mpangilio usiofanana lazima ufundishwe, na usiachwe ujifundishe.

Kiswahili kina njia ya kuufundisha, nayo ni kirai chenye kiunganishi cha -a. Mtu hasemi "maji mawili" isipokuwa anaagiza chupa dukani. Husema "ndoo mbili za maji". Katika kirai hiki idadi inatangulia kitu kinachohesabiwa. Basi kizigeu kisisomwe kamwe bila nomino ya kupimia, na tarakimu ya chini isomwe ikiwa imegandana na alama yake. 2H₂O isomwe "molekuli mbili za eichi-mbili-o". Kwa kusoma hivyo, mpangilio wa matamshi unafuata mpangilio wa maandishi, na sikio linatofautisha namba iliyo nje ya neno na ile iliyo ndani yake.

Mwanakemia atapinga, na kwa haki, kwamba kampaundi kama Fe₂O₃ au chumvi ya mezani hazina molekuli. Ni fuwele zinazoendelea. Hapo neno fungu linafaa, nalo kila mtoto analijua kutoka sokoni. Muuzaji hupanga nyanya katika mafungu ya nne nne kwa bei moja. Mteja anayetaka nyanya nyingi huchukua mafungu matatu. Hawezi kuongeza nyanya ya tano ndani ya fungu na kudai kwamba bado ni fungu lile lile. "Mafungu mawili ya Fe₂O₃" ni usemi sahihi kikemia na unaeleweka bila maelezo marefu. Mabano nayo yanapata nafasi yake hapa: katika Al₂(SO₄)₃, salfeti ya alumini inayotumika kusafishia maji kama shabu, fungu kubwa lina mafungu madogo matatu ndani yake. Mkungu una chane, chane ina ndizi.

Inafaa kukumbusha kwamba umbo la ndani la neno halikupatikana kwa urahisi. John Dalton, katika kitabu chake cha mwaka 1808, aliyachukulia maji kuwa atomi moja ya hidrojeni na moja ya oksijeni, na suala hilo halikutulia hadi baada ya mkutano wa Karlsruhe wa mwaka 1860, Stanislao Cannizzaro alipoyarudisha mawazo ya Avogadro ya mwaka 1811. Tarakimu ya chini katika H₂O ni matokeo ya ugunduzi wa nusu karne. Mwanafunzi hana mamlaka ya kuibadili ili hesabu yake ya Jumatatu asubuhi ikubali. Hata mahali pake palibadilika: Berzelius aliiweka juu, na katika miaka ya 1830 Justus von Liebig akaishusha.

Kuhusu namna ya kuipata tarakimu hiyo, yaani valensi, wanaisimu hawana sababu ya kuwa wageni. Lucien Tesnière, katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1959 baada ya kifo chake, aliiazima dhana ya valensi kutoka Kemia ili aeleze idadi ya viambajengo ambavyo kitenzi kinahitaji. Karagwe ina nafasi katika historia ya suala hili: tasnifu ya Josephat Rugemalira ya mwaka 1993 ilihusu viambishi vya unyambulishaji wa kitenzi cha Kinyambo, yaani hasa vile vinavyoongeza au kupunguza viambajengo. Mkopo huu unaweza kurudishwa kwa mwenyewe. Pika huhitaji mpishi na chakula, pikia huongeza anayepikiwa, pikwa hupunguza. Bati vilevile lina valensi mbili na nne, kwa hiyo lina SnO na SnO₂. Chuma kina mbili na tatu, kwa hiyo kina FeO na Fe₂O₃. Mwanafunzi anayejua, bila hata kufundishwa, kwamba "amempikia" peke yake ni sentensi inayodai kitu, ana kipawa cha kuelewa kwa nini atomi ya oksijeni yenye valensi mbili haitosheki na hidrojeni moja.

4.0 Kitenzi kilichofichwa katika mshale

Ikiwa fomula ni neno, mlinganyo ni sentensi, na kitenzi chake ni mshale. Mshale husomwa kwa vitenzi vingi: hutoa, hugeuka kuwa, hufanya. Alama ya + nayo husomwa "na", na hapa Kiswahili kinahitaji uangalifu. "Na" ya upande wa kushoto ni ile ya kutendana: kitu kimoja humenyuka na kingine. "Na" ya upande wa kulia ni kiunganishi cha kuorodhesha tu. Kusoma zote kwa namna moja kunaficha ukweli kwamba upande mmoja wa sentensi una watenda na mwingine una matokeo.

Ugumu mkubwa zaidi uko katika vitenzi vya lugha ya kila siku ambavyo mwanafunzi anavigeuza kuwa mshale. Mfano ulio wazi kuliko yote ni yeyusha. Sukari huyeyuka katika chai. Barafu huyeyuka juani. Madini ya bati huyeyushwa ili kupata bati. Kitenzi kimoja, michakato mitatu. Katika wa kwanza molekuli za sukari zimetawanyika ndani ya maji na hakuna neno jipya lililoundwa. Katika wa pili H₂O mango imekuwa H₂O kimiminika; hata bati lenyewe hufanya hivyo, kwa nyuzi 232 za Selsiasi, joto linalofikiwa kwa urahisi juu ya jiko. Katika wa tatu kitu kipya kimezaliwa.

Madini yanayochimbwa na wachimbaji wadogo wa Kyerwa ni kasiteriti, SnO₂. Kuyapasha moto tu hakutoi bati. Lazima kuwe na kitu cha kuichukua oksijeni, nacho ni kaboni ya mkaa:

SnO₂ + 2C → Sn + 2CO

Mwanafunzi aliyesikia "madini huyeyushwa" ataandika SnO₂ → Sn na kushangaa oksijeni imekwenda wapi. Hakukosea hesabu, ameitafsiri kwa uaminifu sentensi ya Kiswahili isiyotaja mkaa. Kwa hiyo kabla ya kudai mlinganyo, mwalimu adai sentensi kamili: nani anamtendea nani, na nini kinatoka. Msamiati wa kutofautisha upo, au unaweza kukubaliwa: kuyeyuka kwa mango kuwa kimiminika, kumumunyuka kwa sukari katika maji, na kukomboa metali kutoka katika madini. Wahunzi wa kale hawakuhitaji maneno hayo kwa sababu walikuwa na tanuru. Dola ya Karagwe, ambayo mtawala wake Rumanika alimpokea John Hanning Speke mwaka 1861, iliacha Bweranyange hazina ya vyombo vya kifalme vya chuma, miongoni mwao sanamu za ng'ombe. Waliovifua walijua wazi kwamba jiwe halitoi chuma bila mkaa.

Mlinganyo wa bati una faida nyingine kwa anayeanza. SnO₂ + C → Sn + CO₂ nao umesawazika kikamilifu. Mwanafunzi akiuliza upi ni sahihi, jibu haliko katika hesabu. Mkaa ukiwa mwingi na joto kali, CO hutawala. Katika hali nyingine CO₂ hutokea. Kusawazisha ni sharti la sarufi, si ushahidi wa ukweli: sentensi inaweza kukubalika kisarufi na bado ikawa ya uongo. Mwanaisimu hahitaji kukumbushwa hilo, lakini vitabu vingi vya shule havilisemi.

Tofauti ya CO na CO₂ si ya darasani tu. Ya pili hutoka katika kila pumzi ya mtu. Ya kwanza hutoka katika jiko la mkaa lililoingizwa ndani usiku wa baridi na mlango ukafungwa, nayo huua bila harufu.

5.0 Jina na fomula

Gesi hizo mbili zinadhihirisha suala la majina. Katika matumizi ya umma, hasa katika habari za mabadiliko ya tabianchi, CO₂ huitwa hewa ukaa. Ni jina zuri la Kiswahili, fupi na lenye asili inayoonekana. Kasoro yake ni kwamba halihesabu: linasema gesi ina ukaa na linanyamaza kuhusu oksijeni, kwa hiyo haliwezi kuzitenga CO na CO₂. Kabonidayoksaidi si zuri sikioni, lakini lina "di" ndani yake.

Kati ya hayo mawili kuna namna ya tatu, dioksidi ya kaboni, inayofuata kanuni ya Kiswahili ya kuanza na neno kuu. Wapenda sarufi huipendelea, na kwa jumla wana haki. Lakini ionekane gharama yake: jina huanza na oksijeni, fomula huanza na kaboni. Kloridi ya sodiamu ni NaCl, si ClNa. Wafaransa wanaishi na upishano huo huo bila madhara, kwa hiyo si sababu ya kuukataa muundo wa Kiswahili. Ni sababu ya kutoa kanuni moja siku ya kwanza, kwamba jina husomwa kuanzia mwisho wa fomula. Kinachodhuru ni kuchanganya: ukurasa mmoja kloridi ya sodiamu, ukurasa wa pili sodiamu kloridi.

Bati linastahili neno la peke yake. Mtoto wa Kyerwa huambiwa kwamba ardhi yake ina bati, na juu ya kichwa chake analo bati. Bati la paa ni chuma kilichopakwa zinki, halina Sn. Alama ya kikemia inamwondolea utata ambao lugha imemwachia, na somo la kwanza la alama lingeweza kuanzia hapo.

Jambo hili lina fedha ndani yake. Kutokana na uzito wa atomi (Sn takriban 119, O 16), fungu moja la SnO₂ lina uzito wa takriban 151, na bati ndani yake ni karibu asilimia 79. Kwa hiyo kilo 100 za kasiteriti safi kabisa haziwezi kuzidi kilo 79 za bati. Mchimbaji anayeisoma fomula hii anajua kilele cha asilimia anayoweza kutajiwa na mnunuzi, na anajua kwamba anayetajiwa 70 hana theluthi nzima ya uchafu katika mzigo wake, kama namba yenyewe inavyoweza kumfanya adhani.

6.0 Rubisi

Mlinganyo unaofaa kuhitimisha kozi ya mwanzo ni wa kuchachua. Juisi ya ndizi mbivu huchanganywa na unga wa mtama, huachwa ndani ya mtumbwi wa mti uliofunikwa kwa majani ya mgomba, na kufikia kesho yake inatoa povu. Hamira imeibadili sukari:

C₆H₁₂O₆ → 2C₂H₅OH + 2CO₂

Hapa vizigeu na tarakimu za chini zinafanya kazi pamoja. Kaboni sita za kushoto ni nne na mbili za kulia. Oksijeni sita ni mbili na nne. Gramu 180 za glukosi hutoa gramu 92 za ethanoli na gramu 88 za CO₂, ndiyo kusema karibu nusu ya sukari hupotelea hewani kwa njia ya povu. Antoine Lavoisier, katika kitabu chake cha mwaka 1789, aliitamka kanuni ya kwamba hakuna kinachoumbwa wala kupotea katika mmenyuko alipokuwa akieleza jambo hili hili, yaani kuchacha kwa juisi ya zabibu.

Mlinganyo huu unafichua pia mpaka wa mfumo wenyewe. C₆H₁₂O₆ ni glukosi, lakini ni fruktosi vilevile, na zote mbili zimo katika ndizi. Ni homonimu: umbo moja, maana mbili. Ndiyo maana ethanoli imeandikwa C₂H₅OH badala ya C₂H₆O, kwa kuwa fomula hii fupi ingeweza kuwa pia ya dimethili etha, gesi isiyonyweka. Mwandishi wa fomula amelivunja neno ili kiungo cha OH kionekane, kama vile mwanamofolojia anavyoweka vistari kati ya mofimu.